Nyembe za bisturi kwenye depo za Bukavu: angalia namba kwanza

Boksi za nyembe 100 za bisturi, yaani kisu cha upasuaji, zinazouzwa kwenye depo za dawa upande wa Kadutu zinafaa kazi, mradi ujue unachonunua. Mpini namba 3 unashika nyembe namba 10, 11 na 15. Mpini namba 4 unashika 20 hadi 24. Ukichanganya, wembe hauingii, au unacheza na mkato unakwenda upande.

Namba 10 ina tumbo, yaani makali yaliyopinda. Pasua ngozi kwa tumbo hilo, si kwa ncha, ngozi ikiwa imevutwa kwa vidole na wembe umesimama wima. Ukiulaza upande, kingo za kidonda hazilingani na mshono unakuwa mbaya. Namba 11 ni ya kutoboa jipu; kwa mkato mrefu inachimba tu.

Chuma cha kaboni kinakata kuliko inoksi (chuma kisichoshika kutu), ila pakiti ikitoboka, kutu. Kwa hiyo kagua pembe za kila pakiti kabla ya kulipa. Wembe unavishwa kwenye mpini kwa pensi (koleo ya upasuaji), kamwe si kwa vidole. Na muuzaji anayekuambia uuchemshe utumie tena, achana naye: wembe mmoja, mgonjwa mmoja.