Chapeo niliyoipata kwa makoti mawili ya pamba: uzoefu wangu wa soko la Pennsic

Huu ni mwaka wa nne napigana kwa silaha za Zama za Kati, nikiwa nimevaa deraya na chapeo, hapa Pennsylvania ninakoishi. Ninaposema napigana sina maana ya maigizo ya jukwaani. Mtu anakujia na upanga wa henzirani, anakupiga kwa nguvu zake, nawe unampiga vivyo hivyo, mpaka mmoja wenu akiri mwenyewe kwamba pigo lililompata lingemmaliza kama silaha ingekuwa ya chuma chenye makali. Ndugu na marafiki wa nyumbani wakiziona picha huniuliza: hivyo vitu unanunua wapi, na kwa bei gani? Nimepata kumiliki chapeo mbili. Moja ilinitoa machozi, nyingine sitaiuza. Nitazieleza zote.

Chama chetu ni Society for Creative Anachronism, kilichoanza mwaka 1966 kule Berkeley, California. Wapo wengine wanaopigana kwa panga za chuma butu, lakini sisi tunatumia henzirani, ile ile ambayo wengi wetu tuliijua kwanza mikononi mwa mwalimu wa madrasa. Haina uwazi ndani kama mwanzi, kwa hiyo ikichoka haipasuki vibanzi vya kumchoma mtu. Inachambuka nyuzinyuzi kama mswaki wa mti. Upanga wake lazima uwe na kipenyo kisichopungua inchi moja na robo, karibu milimita 32. Shika fimbo ya unene huo halafu fikiria inashuka utosini. Ndiyo maana kabla ya kuingia uwanjani kila mtu anakaguliwa: chapeo, kinga ya shingo, figo, viwiko, magoti, mikono na sehemu za siri. Chini ya goti hairuhusiwi kupiga, hivyo miundi si lazima ivalishwe chuma.

Mwaka wa kwanza nilivaa vya kuazima. Vikundi vingi vina sanduku la deraya kwa ajili ya wageni, na kwa hilo nawashukuru wenzangu wa Pittsburgh mpaka leo. Lakini chapeo ya kuazima ni kama kiatu cha kuazima. Nikaamua kununua yangu.

Niliinunua kwenye intaneti kwa dola 260. Duka silitaji. Picha zilikuwa nzuri mno: basineti ya karne ya 14, yenye ncha juu, inayong'aa kama sinia la harusi. Maelezo yalisema geji 16. Ilipofika nikaipenda, nikabandika sponji ndani kwa gundi, nikaenda nayo mazoezini. Mkaguzi aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaigonga tena. Kisha akatoa kifaa chake cha kubania, akapima ukingoni: milimita 1.2. Kanuni zetu zinataka chuma kisichopungua milimita 1.6. Nilichotumiwa kilikuwa geji 18.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu namba hizi zinawachanganya wengi. Geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Aliyewahi kuezeka nyumba anajua kuwa bati la geji 30 ni jepesi kuliko la geji 28, na kwenye chapeo ni vile vile. Tofauti ya milimita 0.4 machoni haionekani. Kichwani ndiyo tofauti kati ya chuma kinachorudisha pigo na chuma kinachobonyea. Niliandika kuomba fedha zangu, nikajibiwa kwamba kwa kuwa nimeshabandika sponji, bidhaa imetumika. Chapeo ile sasa iko sebuleni juu ya kabati. Niliumia, si kwa dola 260 tu, bali kwa kufikiri kwamba pengine mtu mwingine, mahali pasipo na mkaguzi makini, amevaa ya aina hiyo akapigwa kichwani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usibandike kitu chochote ndani kabla hujapima unene wewe mwenyewe.

Sasa chapeo ya pili.

Pennsic, kambi kubwa ya vita na soko ya chama chetu, hufanyika kila mwaka karibu na Slippery Rock, kwenye viwanja vya kambi vya Cooper's Lake, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Pittsburgh. Ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1972. Siku hizi inachukua kama wiki mbili, kuanzia mwisho wa Julai kuingia Agosti, na watu zaidi ya elfu kumi hulala katika mahema. Kule juu uwanjani kuna vita. Huku chini kuna soko, na mimi moyo wangu uko zaidi sokoni. Kuna mitaa mizima ya mahema: wauza ngozi, wauza bizimu za shaba, wauza kitani, wafinyanzi, wahunzi. Vumbi la mchana, mvua ya ghafla ya jioni, harufu ya nta na mafuta. Mtu anaweza kushinda humo bila kununua kitu, akatoka amejifunza mengi kuliko mwezi mzima wa kusoma.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nimeipokea kwa baba yangu, ambaye Tanga, pale Ngamiani, alishona magodoro ya sufi na pamba kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoona kwa mara ya kwanza gambesoni, lile koti nene linalovaliwa chini ya deraya, nilijua mara moja ninachokitazama. Ni godoro. Tabaka la kitani, pamba katikati, tabaka jingine la kitani, halafu mistari ya mshono inayoizuia pamba isihame. Hata jina moja la koti hilo kwa Kiingereza cha zamani, aketon, limetoka kwenye neno la Kiarabu la pamba, al-qutn. Nikashona la kwangu. Mwenzangu akalitaka. Na mwenzake naye. Mwaka wa pili nilikodi kona ndani ya hema la mfanyabiashara aliyekuwa na kibali, nikaning'iniza makoti manne.

Mhunzi aliyefua chapeo yangu ya pili alikuja siku ya tatu. Mzee, mikono yake imejaa alama za cheche. Hakuuliza bei. Alilichukua koti moja, akaingiza mkono kwapani, akainua, akatazama kama kiuno kinapanda. Hakikupanda. Nikajua nimepata mtu anayejua kazi. Tundu la mkono wa gambesoni zangu nililikata nikifuata koti la Charles de Blois, yule mtawala wa Bretagne aliyeuawa vitani mwaka 1364; koti linalosemekana kuwa lake limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya vitambaa la Lyon, Ufaransa. Tundu lake ni pana na la mviringo, linaingia mpaka kifuani na mgongoni. Ukikata hivyo, mtu anainua upanga juu ya kichwa na koti halisogei. Ukikata kama shati la siku hizi, kila pigo linavuta koti zima juu na kukuchosha kabla ya adui yako hajakuchosha.

Tulikaa chini tukazungumza. Yeye alitaka gambesoni mbili, yake na ya mkewe. Mimi nilitaka basineti. Koti langu nauza dola 240. Chapeo yake dola 520. Nikaongeza 40, tukapeana mikono. Biashara ya namna hii ni ya kawaida sana pale: ngozi kwa chuma, chuma kwa kitambaa. Napenda kwamba kila mmoja anashika kazi ya mwenzake mkononi kabla ya kukubali.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni namna alivyopima. Duka la kwanza liliniuliza mzunguko wa kichwa tu. Huyu alipima mzunguko, kisha kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kisha sikio hadi sikio kwa kupitia utosini, kisha kidevu hadi utosi. Akaweka vipande vya sponji kichwani mwangu, akapima tena juu yake, kwa sababu kanuni zinataka angalau nusu inchi ya sponji au kichwa kining'inie kwenye utando wa mikanda. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nywele zako huwa hivi siku zote?

Siku hiyo nilikuwa nimesuka rasta nene, nimezifunga nyuma. Nikamwambia hapana, mara nyingine nasuka twende kilioni, mara nyingine nafumua. Akaniambia nichague moja, kisha nikae nayo, maana kati ya rasta na twende kilioni kuna sentimita tatu za mzunguko, na chapeo inayocheza kichwani ni mbaya karibu sawa na kutokuwa na chapeo. Dada zangu mnaofikiria mchezo huu, lisikieni hili. Wauzaji wengi hawajawahi kumpimia mtu mwenye nywele zetu, na hawatakumbuka kuuliza. Pima kichwa chako na mtindo utakaopigana nao. Mimi nilifumua usiku ule kambini, nikasaidiwa na binti mmoja Mkongo wa Lubumbashi aliyekuja kutazama tu, na asubuhi nikarudi na twende kilioni nikapimwa upya.

Chapeo ilinifikia baada ya miezi mitano, aliniahidi mitatu. Hilo ni kosa na nalitaja. Lakini nilipoishika nilisahau hasira. Utosi na kisogo ni geji 14, karibu milimita 1.9. Wahunzi wa karne ya 14 walifua basineti nzima kutoka kipande kimoja. Yeye hufua nusu mbili juu ya gogo lenye shimo, huzichomelea katikati, kisha hurudia kuupiga mshono juu ya fuawe ndogo mpaka upotee. Nimepitisha ukucha kutafuta mahali palipounganishwa, sijapaona. Usoni kuna nondo zilizopinda vizuri, na hakuna uwazi ambao kijiti cha inchi moja kingeweza kupita, kama kanuni inavyotaka. Mkaguzi yule yule aliigonga kwa kifundo chake, akasikiliza, akanipa bila kupima.

Nimepigana nayo misimu miwili. Pigo la pembeni huteleza kwenye ile ncha na kwenda zake. Pigo lililonyooka unalisikia, mlio wake ni kama mtu amegonga sufuria tupu ukiwa ndani yake, lakini kichwa hakitikisiki, kwa sababu chapeo na kichwa vinakwenda pamoja. Nikivua, alama za sponji ziko paji la uso lote sawasawa. Ile ya kuazima ilikuwa inaniachia donge mahali pamoja.

Kasoro zipo. Ina uzito wa kilo nne na robo, na saa ya pili ya mapambano shingo inaniuma. Ningeambiwa mapema, ningeomba pande za masikioni ziwe geji 16. Ni chuma cha kawaida, si kile kisichoshika kutu, na hewa ya kambini ni ya unyevu. Nikiiacha usiku mmoja tu bila kuipaka mafuta, asubuhi ina madoa mekundu. Natumia mafuta ya cherehani, yanafaa kabisa. Ukanda wa kidevuni alioweka ulikuwa mwembamba kiasi cha kunikata. Nimeutoa nikaweka wangu wa ngozi ya ng'ombe niliyoizungushia kitani. Bawaba ya kulia ilianza kulegea mwishoni mwa msimu wa kwanza. Nilimwandikia, akanitumia ribiti mpya na maelezo ya kuigonga, bila malipo. Kwa haya yote nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ningeirudisha kama angekuwa mkweli kuhusu miezi.

Kwa wale mnaouliza kuhusu gambesoni zenyewe: nasema hili kama mwuzaji, kwa hiyo mnipime. Msinunue zilizojazwa poliesta. Ni za bei nafuu na nyepesi, lakini hazipitishi jasho, na Agosti ya Pennsylvania ukiwa ndani ya chuma si jambo la kuchezea. Nimeona watu wazima wakibebwa. Kitani nje, kitani ndani, pamba katikati. Mistari yangu ina upana wa sentimita nne na nusu. Ikiwa mipana zaidi, pamba inashuka na kukusanyika kiunoni baada ya kufuliwa mara tatu nne, kama godoro la mshonaji mvivu.

Koti la kwanza nililoshona nililipiga picha, nikamtumia baba kwa WhatsApp. Alinipigia simu palepale, sijamaliza hata shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Godoro hili lina mikono?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama pamba niliichambua kwa mkono kabla ya kuitandika, au niliitandika ilivyotoka dukani. Nilikuwa nimeitandika ilivyotoka. Akaniambia nifumue. Nikafumua, nikachambua, nikashona upya, na tangu hapo sijarudishiwa koti hata moja.

Mhunzi ameniandikia mwezi uliopita. Binti yake anaanza kupigana, anataka gambesoni ya mikono mirefu, na anauliza nitataka nini. Nimemwambia kinga ya shingo, na safari hii anipe tarehe ya kweli. Vipimo vya binti vimeshafika. Mimi nitampelekea vyangu Jumamosi, nikishasukwa twende kilioni, nami nitabaki nayo mpaka Agosti iishe.