Gambuti za Sh 18,000 na kifutu wa Julai

Nilizinunua Tabora mjini mwishoni mwa Mei, kwenye duka moja la pembejeo si mbali na soko kuu. Jina la duka silitaji, maana maneno mengine hapa chini hayatamfurahisha mwenyewe. Alianzia 25,000, tukavutana mpaka 18,000. Ndefu, nyeusi, soli ya njano, zinafika chini kidogo ya goti. Namba ndogo kabisa aliyokuwa nayo ni 41. Mimi navaa 38.

"Dada, utavaa na soksi mbili," akaniambia. "Halafu mpira huu hata msumari haupiti."

Nikalipa. Ningefanyaje? Nilishazunguka maduka manne na kote jibu lilikuwa hilohilo, kana kwamba wanawake wa mkoa huu hatuendi shamba wala porini. Ukitaka namba yako utapata zile fupi za rangirangi za watoto wa shule, zinazoishia juu kidogo ya kifundo. Za kuvukia dimbwi.

Nieleze kazi yangu ili mjue nilikuwa nazipima kwa kipi. Nanunua asali na nta, nachuja, nauza. Mzigo wangu mwingi unatoka kwa mjomba, ambaye kambi yake iko ndani ya miombo, kusini ya Ipole, wilaya ya Sikonge. Saa tatu kwa baiskeli kutoka lami. Yeye ana mizinga ya magome juu ya miti kama babu yake alivyokuwa nayo, mimi na mdogo wangu tuna ile ya mbao ya kuning'iniza usawa wa kiuno. Urinaji wetu mkubwa unaangukia kipupwe. Watu wa Dar wanaodhani Tabora ni joto mwaka mzima waje Julai saa kumi na moja alfajiri, walale kwenye turubai.

Huku watu wengi husema kipupwe nyoka wamelala. Wana ukweli wa nusu. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analiazima kwa jua na kwa ardhi, kwa hiyo usiku ukiwa wa baridi asubuhi anakuwa mzito, na kweli hatembei kama masika. Lakini mimi sihitaji atembee ndipo nimkanyage. Nyoka wengi wakisikia kishindo wanapisha. Kifutu hata kwenye joto hapishi, seuze mwili ukiwa umepoa. Anaitegemea rangi yake. Na Julai majani ya miombo yanaanza kudondoka, njia nzima inakuwa kahawia na manjano, na yeye amejikunja humo, mnene, mfupi, mgongo wote una alama kama mishale inayoelekea mkiani. Anatafuta kibaraza cha jua. Kibaraza cha jua porini ni njia, kwa sababu ndipo miti imeachana.

Mpaka mwaka juzi nilikuwa naenda na katambuga kama kila mtu. Kilichonibadilisha ni kijana wa jirani, aliyekanyaga kifutu akiwa na yeboyebo. Wakamfunga kamba ya mpira juu ya goti, wakamchanja, wakambandika jiwe jeusi, na wakamweka hivyo mpaka asubuhi. Mguu ulivimba ukawa kama kinu. Kifutu sumu yake inakula nyama, na ile kamba inaifungia palepale ikaile vizuri. Anatembea, lakini vidole viwili hana.

Sasa gambuti.

Wiki mbili za kwanza nilizichukia. Ukivaa mguu unaogelea. Kila hatua inalia pwatu, pwatu, kisigino kinapanda na kushuka, jioni nina lengelenge kubwa kama punje ya hindi. Saa sita mchana ndani mnachemka, ukizivua hakuna anayetaka kukaa upande wa upepo. Soli inateleza kwenye mwamba wenye umande. Baiskeli nayo shida, ncha ya mbele inagonga fremu ukikata kona. Na kuhusu msumari usiopita: siku ya tisa mwiba wa mgunga uliingia ubavuni ukanifikia soksi. Nilimkumbuka yule muuzaji kwa jina ambalo sitaliandika.

Mjomba alikuwa anacheka tu. Yeye peku. Anasema mguu ukiwa ndani ya mpira hausikii ardhi, na mguu usiosikia ardhi ni mguu wa mtu wa mjini. Ana hoja, na isitoshe anapanda miti, na hakuna mtu anayepanda mti wa mtundu akiwa na gambuti. Ataziacha wapi? Chini ya mti, usiku, mdomo wazi.

Hilo si jambo dogo. Usiku mmoja niliziacha nje ya turubai. Asubuhi nikashika moja nikaipiga kwenye gogo, akatoka panya. Nikacheka. Mjomba hakucheka. Akasema, "Leo panya. Kesho anayemfuata panya." Tangu siku hiyo nimechomeka vijiti viwili ardhini kando ya turubai, gambuti zinalala juu yake kichwa chini miguu juu, na kabla ya kuvaa nazigonga bado. Nge pia wanapenda humo, ni pakavu na pana joto la mguu wako.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linafika chini. Tulikuwa tunatoka kambini kwenda kwenye mizinga ya bondeni, mjomba mbele na panga, mimi wa pili na ndoo mbili tupu, mdogo wangu nyuma na bomba la moshi. Mjomba alipita. Mguu wake peku ulikanyaga pembeni kabisa, labda shibiri moja. Mimi nikasikia sauti kama tairi la lori linatolewa upepo, na kabla sijaelewa inatoka wapi, kitu kikanigonga mguu wa kulia juu kidogo ya kifundo. Hakikuuma. Kama mtoto amekurushia kijiwe.

Nilitupa ndoo. Nadhani nilipiga kelele, mdogo wangu anasema sikupiga. Yule kifutu alikuwa ameshajirudisha, shingo imekunjwa, bado anafoka, nusu yake kwenye jua na nusu kwenye majani. Hakunikimbilia wala hakuondoka. Alibaki palepale kama mwenye kiwanja. Mjomba akakata tawi refu, akamsukumia vichakani taratibu bila kumpiga, maana anasema wengi huumwa wakati wa kuua, si wakati wa kupita.

Nikakaa kwenye gogo, mdogo wangu akanivua gambuti kwa kushika soli. Kwenye mpira mweusi palikuwa na vitobo viwili, kama vya sindano ya kushonea magunia, vimeachana upana wa kidole gumba. Chini ya kila kimoja mchirizi wa maji ya manjano, mazito kidogo, kama mafuta ya alizeti. Akaielekeza gambuti juani na kuchungulia ndani. Kitobo kimoja hakikuwa na kitu. Cha pili kilikuwa na nukta ya mwanga.

Yaani jino lilipita.

Soksi ya nje ilikuwa na doa la manjano la ukubwa wa punje ya mtama. Ya ndani ilikuwa kavu. Mguu ulikuwa mzima.

Nimelifikiria sana lile doa. Meno ya kifutu ni marefu, yanaweza kupita sentimita moja, na mpira wenyewe ni milimita chache tu. Mpira peke yake haukutosha. Kilichobaki kati ya jino na nyama yangu ni zile namba tatu za ziada nilizokuwa nazilalamikia tangu Mei, ile nafasi ambamo mguu wangu unaogelea, pamoja na soksi ya pili. Angekuwa ameniuzia 38 inayonikaa vizuri, labda nisingekuwa naandika hapa kwa utulivu huu. Simshukuru, hakujua anafanya nini. Lakini nimeacha kumwita lile jina.

Pamoja na hayo tulitoka. Mjomba hakutaka kubahatisha, nami sikubisha. Nikaosha mguu, nikawekwa nyuma ya baiskeli mguu ukiwa umetulia, bila kamba, bila chale, mpaka barabarani, pikipiki, kituo cha afya, benchi hadi jioni. Hakikuvimba kitu. Muuguzi akaniambia jambo moja ambalo waliovaa gambuti walishike: ukiumwa mguuni, vua gambuti mapema, na bangili ya mguu kama unavaa, kabla uvimbe haujafika. Mguu ukishajaa ndani ya mpira mrefu, gambuti yenyewe inakuwa ndiyo ile kamba ya kufunga. Na dawa ya sumu hutolewa kwa mshipa, mtu akiwa anaangaliwa, kwa sababu yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Si kitu cha kuweka kambini na kujidunga. Kwa hiyo anayekuuliza "kuna haja gani ya gambuti wakati dawa ipo" mwambie ahesabu kilomita. Kutoka kambi ya mjomba hadi hospitali ya mkoa pale Kitete ni zaidi ya kilomita mia, na sehemu ya mwanzo ni baiskeli. Shirika la Afya Duniani liliuweka uumwaji wa nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na hukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani. Wengi wao ni watu wa mashamba na machunga, yaani watu wa katambuga.

Mtu asisome hapa akadhani amenunua kinga ya kila nyoka. Koboko si lazima agonge kifundo, ananyanyuka, na ana uwezo wa kukufikia paja au kiuno. Kwake gambuti ni pambo. Ukimwona, rudi ulikotoka. Swila analenga macho, na hapo unachohitaji ni maji mengi ya kuosha macho, mengi kwelikweli, na si maziwa wala mkojo wa mtu. Na hakuna gambuti ya mkono. Mwezi huohuo nilijikuta nainama kuokota kuni gizani, nimevaa mpira mpaka gotini, najiona jemadari, mkono mtupu umeingia chini ya gogo. Nikaurudisha haraka. Gambuti zinakupa ushujaa ambao hazijaulipia. Siku hizi kuni naokota mchana, nageuza gogo kwa fimbo kwanza, na usiku sitoki bila tochi hata kama naenda hatua kumi.

Kuhusu kudumu: baada ya miezi mitatu mpira umeanza kupasuka pale unapokunjika juu ya vidole, wa kushoto zaidi. Ukiziacha juani zinapasuka upesi, ukiziweka karibu na moto ndiyo basi. Asali ikimwagika inatoka kwa maji ya moto, nta haitoki. Kile kitobo cha kifutu na cha mwiba nimeviziba kwa kiraka cha tyubu na solusheni ya baiskeli, fundi wa pale stendi akanitoza 500, na maji hayaingii. Alipouliza nimetoboa na nini nikamwambia. Akaiweka gambuti chini, akanawa mikono, ndipo akaendelea.

Kwa nyota tano nazipa tatu na nusu. Moja na nusu nimekata kwa ajili ya lengelenge, harufu, na maneno ya msumari. Kama unanunua, angalia urefu kwanza, zifike karibu na goti. Ingiza kidole kati ya mguu na mpira, kiingie bila shida. Na chukua soksi nene za pamba, si zile nyembamba za ofisini. Usilipe zaidi ya 20,000 hata akikuapia ni za Marekani.

Juzi mjomba aliteremka na ndoo nane za asali. Tukapima, tukalipana, akanywa chai, akaaga, akarudi tena mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. Akaniuliza zile buti zangu za mpira bado zinauzwa. Nikamwambia zipo, anavaa namba ngapi? Akasema 42.

"Lakini nichukulie 45," akasema.