Kipimo Mlangoni: Tathmini ya Huduma ya Malaria Inayotolewa na Wahudumu wa Afya ya Jamii

Ninaishi Budalang'i, katika kaunti ya Busia, karibu na mahali ambapo mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na anayepafahamu huku hahitaji kuelezwa habari za mbu. Kuna mashamba ya mpunga ya Bunyala, kuna vinamasi, na mto unapofurika maji hubaki yametuama nyuma ya nyumba kwa majuma kadhaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 6 ya watoto wa Kenya wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 14 walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali katika kaunti za ukanda wa ziwa kiwango kilikuwa asilimia 19. Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kupimwa na kutibiwa malaria nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, bila malipo, ambayo familia yangu imeitumia kwa watoto wawili na kwa mama yangu mzazi.

Kila mhudumu hukabidhiwa takriban kaya 100. Ni mkazi wa kijiji hicho hicho, anayejua ni nani amejifungua juzi na ni nani amerudi kutoka Nairobi akiwa mgonjwa. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua upya mpango huu kwa wahudumu zaidi ya 100,000 nchini, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuwekea kumbukumbu za kila nyumba wanayoitembelea. Wetu anaishi nyumba ya nne kutoka kwetu. Watoto humwita daktari, naye huwasahihisha kila mara.

Nilimwita kwa mara ya kwanza usiku mmoja wa mwezi Juni, baada ya mvua ndefu, mwanangu wa miaka minne alipochemka mwili na kukataa chakula. Alifika akiwa na mkoba mgongoni, akanawa mikono, akavaa glavu, kisha akaisoma kwa sauti tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa kwenye pakiti ya kipimo, ili nami niisikie. Alipangusa kidole cha mtoto kwa pamba yenye spiriti, akachoma, akavuta tone la damu kwa kimirija chembamba, akalidondosha katika tundu dogo na kuongeza matone ya dawa katika tundu la pili. Baada ya hapo aliweka kipimo mezani, akaandika saa juu yake kwa kalamu, akaketi. Mimi nilitaka jibu papo hapo, na mstari wa kwanza ulipojitokeza nilidhani kazi imekwisha, lakini alinieleza kwamba huo huonyesha tu kuwa kipimo kinafanya kazi, na kwamba jibu husomwa baada ya dakika 15, si kabla. Alisubiri dakika zote. Mstari wa pili ulikuja hafifu sana, nami sijui kama ningeuona peke yangu.

Mtoto alikuwa na kilo 17, kwa hiyo alistahili vidonge viwili vya dawa mseto kila mara, mara sita kwa siku tatu. Dozi ya kwanza aliimeza mbele ya mhudumu, ikiwa imeyeyushwa katika maji na kufuatiwa na kikombe cha maziwa, kwa sababu dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi mwilini pakiwa na mafuta kidogo tumboni. Mhudumu hakuondoka mara moja. Alikaa nusu saa akiangalia kama mtoto atatapika, kwa kuwa akitapika ndani ya muda huo dozi hurudiwa. Ilikuwa saa tatu usiku, naye akaniagiza niweke kengele ya simu ya saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya dozi ya pili. Siku ya tatu alirudi kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, niliwahi kununua nusu dozi katika duka moja la dawa kwa kukosa pesa, muuzaji akanikatia vidonge bila kuuliza uzito wa mtoto wala kumpima, na homa ikarudi baada ya wiki mbili ikiwa kali zaidi.

Hata hivyo, kilichonifanya niiamini huduma hii si siku aliyonipa dawa, bali siku aliyoninyima. Binti yangu wa miaka miwili alikuwa na homa na kikohozi, nami nilikwisha kuamua moyoni kwamba ni malaria, kama tunavyoamua sote huku kila mwili unapopata joto. Kipimo kilitoa mstari mmoja. Nilimwomba anipe dawa hata hivyo, na nilimwomba kwa hasira. Alinijibu kwa upole: «Mwalimu, hii si malaria. Nikikupa hizi dawa nitakuwa nimekudanganya, na mtoto atachelewa.» Akainua fulana ya mtoto, akatazama kifua kikipanda na kushuka huku akiangalia saa, akahesabu pumzi 52 kwa dakika moja. Kwa mtoto wa umri huo pumzi 40 au zaidi ni dalili ya nimonia. Aliandika karatasi ya rufaa, akampigia simu mwendesha bodaboda anayemfahamu, na kabla ya jua kuzama tulikuwa kituo cha afya. Duka la dawa lingeniuzia nilichotaka.

Upande wa kinga nao haukuachwa. Ugawaji wa vyandarua unapofanyika, kimoja kwa kila watu wawili, kuvipokea ni rahisi kuliko kuvitumia. Kwetu vyandarua huishia kuanikiwa omena ufuoni au kuzungushiwa miche ya sukuma wiki, na hotuba za barazani hazikuwa zimebadilisha hilo. Mhudumu wetu huingia hadi chumbani, kwa ruhusa, akakaa kwenye kitanda na kuonyesha jinsi ya kufunga kamba pale ambapo paa la nyasi halina pa kupigia msumari, na jinsi ya kuchomekea chandarua chini ya mkeka kwa wanaolala sakafuni. Tangu mwaka 2019, chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa katika kaunti za ukanda huu, wahudumu wamekuwa pia wakiwakumbusha akina mama tarehe, hasa ya dozi ya nne, ambayo huja mtoto akiwa anatembea na mama amekwisha kuisahau kliniki.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Mwaka jana vipimo vilimwishia kwa karibu wiki tatu katika msimu ule ule wa homa nyingi, na katika siku hizo alikuwa akizunguka na mkoba wenye kipimajoto na maneno ya kutia moyo tu. Majirani walirudi madukani, na baadhi yao hawajarudi kwake hadi leo, kwa kuwa mtu aliyegonga mlango usiku wa manane akaambiwa hakuna kitu hagongi tena kwa wepesi. Vilevile posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, ambazo serikali kuu na kaunti huchangia nusu kwa nusu. Kwa mtu anayeamshwa usiku na kutembea katika matope ya Nzoia, naiona kuwa ndogo mno, na nasema hivyo bila kusitasita.

Kwa anayefikiria kuitumia, ajue kwamba si kila mgonjwa hutibiwa nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi miwili, mama mjamzito, na yeyote mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea kiasi cha kutoamka hupelekwa kituoni mara moja. Wengine wote wamwite mhudumu siku ile ile homa inapoanza, wasingoje ipite saa 24, na wasimeze chochote cha malaria kabla hajafika. Wamwombe pia awaonyeshe pakiti ya kipimo kabla ya kuifungua. Wetu hufanya hivyo bila kuombwa.

Namba yake nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mama yangu, asiyetumia miwani, anaweza kuisoma.