Nimeitupa ala ya dukani, nimejishonea yangu, na hasira bado ninayo

Niseme mapema: sina ugomvi na bastola. Bastola ni nzima. Ugomvi wangu ni na kile kifuko cha nailoni chenye sponji nilichouziwa nikiambiwa ni ala ya mfukoni. Na kuliko kifuko, ni na yule kijana wa kaunta aliyeniuliza kama nina hakika niliivaa upande sahihi.

Naishi Houston, upande wa kusini-magharibi, kule Bissonnet ambako Wanaijeria, Wakongo na sisi wa kwetu tumebanana. Mimi na mama watoto tuna duka la vyakula: dona, dagaa, maharage, majani ya chai. Jioni nabeba mauzo kwenda benki. Bastola ni ya kazi hiyo, na hapo sitaki mjadala. Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bila leseni. Mimi leseni nilikuwa nayo kabla ya hapo. Nilikaa darasani, nikapiga shabaha mbele ya mwalimu, nikachukuliwa alama za vidole. Halafu mtoto mwenye umri wa mwanangu anifundishe mfuko wa suruali uko wapi!

Ala ya kiunoni nilijaribu. Inataka shati la kuachia nje au koti, na mwenye kuvaa koti Houston mwezi wa saba anatafuta kuzimia. Ndiyo maana nikahamia mfukoni. Sasa, bastola huwezi kuitumbukiza mfukoni uchi kama simu. Yangu haina kitufe cha usalama, kwa hiyo kifyatulio lazima kifunikwe, hakuna cha funguo wala sarafu kugusa pale. Isitoshe inageuka, mpini unaangalia chini, na nyuzinyuzi za kitambaa zinajazana kwenye mtutu. Haya yote kile kifuko kiliyamudu, sikionei. Lakini ala ya mfukoni ina kazi moja ambayo ikishindwa, mengine yote ni bure: mkono ukitoka na bastola, ala ibaki mfukoni.

Yangu haikubaki.

Niligundua chumbani, namshukuru Mungu. Risasi zote nilikuwa nimezitoa na kuzipeleka jikoni, nimeangalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, mara tatu kama tulivyofundishwa, nikasimama mbele ya kioo. Nachomoa, ala imo mkononi. Nachomoa tena, imo. Katika mara kumi ilitoka na bastola mara sita, na mara ya saba ilining'inia nusu. Nimesimama pale, mtu mzima, nimeshika bastola iliyovaa soksi. Mama watoto akapita mlangoni, akatazama, akasema, "Baba Neema, huyo jambazi atakusubiri umalize kuivua?"

Nikarudi dukani. Kijana hakuishika hata. Aliangalia risiti, akaniangalia mimi, akanitaka nirudie nilichosema, nikarudia, akanitaka nirudie tena. Miaka kumi na kitu nauza bidhaa kwa Kiingereza hicho hicho na hakuna mteja aliyewahi kushindwa kunirudishia chenji. Kisha akasema tatizo ni suruali. Suruali! Navaa kadeti ya kawaida, mfuko wa kawaida, siyo kanzu. Ala imeandikwa kwenye pakiti kwamba inafaa mfuko wowote. Nikamwonyesha maandishi. Akasema bidhaa iliyokwisha kugusana na silaha hairudishwi. Sasa ulitaka niijaribu kwa ndizi? Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na jamaa mmoja akacheka. Nilitoka bila kuaga, na mimi ni mtu wa kuaga.

Marehemu baba alikuwa fundi viatu Arusha. Vijana wa Kimaasai walikuwa wakimletea sime awashonee ala, mbao ndani, ngozi mbichi juu, ikikauka inakaza kama ngoma. Nimekulia chini ya meza ile nikiokota vipande. Njiani kurudi nikajiambia: mtoto wa fundi, unalipa dola ishirini na kitu kwa sponji?

Nikanunua kipande cha ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, unene kama milimita mbili na nusu. Ngozi ya kromu, ile laini ya pochi, usiiguse kwa kazi hii. Ukiilowesha ikakauka inarudi kuwa kitambaa, umbo haishiki. Nikachora bastola kwenye karatasi, nikakata ngozi, na kipande cha kwanza nikakiharibu palepale kwa kusahau kwamba bastola ina unene. Ilikuwa kama kumvisha mtu mzima suruali ya mtoto. Baba angenipiga konzi.

Kipande cha pili nikaenda taratibu. Uso laini niliuweka ndani ili bastola iteleze, na upande wa nyuma, ule wa kukwaruza, nje ili ung'ang'anie kitambaa cha mfuko. Kwa nyuma, chini ya mpini, niliacha pembe inayochomoza kama ndoano. Pembe hiyo ndiyo siri yenyewe: ukivuta juu inanasa ukingo wa mfuko, ala inabaki, bastola inatoka. Gundi kwanza, kisha matundu kwa msharasi, kisha uzi wenye nta kwa sindano mbili, moja inaingia huku nyingine inaingia kule, kila tundu linapitwa mara mbili. Mshono wa cherehani ukikatika sehemu moja unafumuka wote. Huu ukikatika, wenzake wanashika. Halafu nikalowesha ngozi kwa maji vuguvugu, nikaifunga bastola tupu kwa nailoni ya kufunikia chakula, nikaitumbukiza, nikaminya ngozi kuifuata kwa mpini wa kijiko mpaka umbo likatokea. Ikakauka siku nzima juu ya friji. Vidole viliniuma wiki nzima, ila mara kumi kati ya kumi ala ilibaki mfukoni. Nilimwita mama watoto aje aone. Akasema imekaa vizuri, ila inanuka kiatu.

Hapa ningetamani kuishia. Lakini ukweli ni kwamba wiki chache baadaye nilikwenda ofisi moja yenye kibao cha 30.06 mlangoni, kile kinachokataza mwenye leseni kuingia na silaha aliyoificha. Nikarudi kwenye gari niifungie kwenye kisanduku. Naichomoa bastola, kasha la risasi, lile linaloingia ndani ya mpini, limebaki mfukoni. Nilikuwa nimeiminya ngozi kwa ustadi mno hata ikashika mpaka kile kitufe cha kuachia kasha, na kila nilipokaa garini ngozi ilikuwa inakibonyeza. Sijui nilitembea hivyo siku ngapi. Risasi moja kwenye chemba, basi. Ningefyatua mara moja, kisha nibaki na kipande cha chuma cha kumrushia mtu.

Ile ya nailoni haikuwahi kunifanyia hivyo. Nimeandika hilo kwa shida.

Nilikaa kwenye gari lile kitambo. Majuma yote hayo nimemsema yule kijana kwa kila mteja aliyekuja kununua dagaa, kumbe kosa langu lilikuwa la hatari kuliko lake. Nikarudi nyumbani, nikailowesha ala upya, nikabandika sarafu mbili juu ya kitufe kabla ya kuminya, ngozi ikakauka ikiwa na kivimbe hapo. Sasa kitufe kina nafasi. Nimejaribu kukaa, kuinama, kubeba gunia la mchele: kasha liko mahali pake. Kama unashona yako, anza na hizo sarafu.

Kwa hiyo nilipoletewa ujumbe wa kuipa nyota ile ala ya dukani, nilikuwa nimepoa. Nikatoa mbili. Mshono wa pembeni ulikuwa imara, nikasema tumtendee haki mtu. Kisha nikaenda kuisafisha bastola vizuri, nikakuta ubavuni, pale ile sponji ilipokuwa inagusa, vidoa vya kutu vitatu. Jasho lote la Houston lilikuwa limenyonywa mle na kukumbatishwa chuma. Nilivisugua kwa mafuta, kimoja kimegoma.

Nimerudi nikazifanya moja. Na risiti ninayo.