Miezi mitatu mbele ya cherehani: darasa la jioni la ushonaji, Kariakoo

Nilijiandikisha katika darasa hili, lililo ghorofa ya kwanza ya jengo moja karibu na Soko la Kariakoo, wiki mbili baada ya kuacha kazi ya uhasibu niliyoifanya kwa miaka 11. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimekwisha kuiwasilisha, na kila alfajiri niliamka tumbo likinisokota, nikihesabu kodi ya nyumba na ada za watoto.

Ada ya darasa ni shilingi 240,000 kwa miezi 3, siku 5 kwa wiki, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Cherehani ni za kukanyaga, jambo nililolidharau mwanzoni na kulishukuru kila umeme ulipokatika.

Kilichonifaa zaidi ni utaratibu wa mkasi. Mwalimu wetu, mama wa makamo tunayemwita Fundi, hamruhusu mtu kurudi nyumbani kabla hajakata kitu siku hiyo. Wiki ya kwanza mnakata karatasi za kaki; ya pili mnakata marekani, kitambaa kile kisichopaushwa kilichobaki na jina la nchi kilikotoka tangu wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari huko Marekani, walipokileta Unguja katika karne ya 19; na wiki ya tatu kila mmoja analeta kitenge alichokinunua kwa fedha yake. Mbele ya kitenge changu cha yadi 6, nikiwa na vipimo vya mke wangu mkononi, nilipima kifua mara nne, nikachora chaki, nikafuta, nikachora tena.

"Kaka, chaki haishoni," Fundi alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akikishona.

Nikakata, na nilikuwa nimesahau kuacha nafasi ya mshono, hivyo gauni likabana kwapani. Fundi hakunikemea wala hakunifariji. Alichukua kipande cha masalio, akanionyesha namna ya kukitia kwapani, na kesho yake saa 11 nilitakiwa kushika mkasi tena. Hofu ya kodi ya nyumba sijaachana nayo, ila jioni hainipati nikiwa nimekaa bure.

Kasoro zipo. Ovaloki, mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, ni moja kwa wanafunzi 18, na gharama ya kuitumia, inayolipwa kwa kila nguo, hatukuelezwa wakati wa kujiandikisha. Kubwa zaidi, namna ya kupanga bei na ya kudai malipo ya awali kwa wateja wa sikukuu ilifundishwa jioni moja tu, ilhali wengi wetu tulikuja kutafuta riziki. Anayehitaji cheti cha kuombea ajira atafute kwingine. Mwenye akiba ya miezi michache na anayetaka kuzoea kazi yenyewe, aende.

Mimi nimekwisha kulipia awamu ya pili, ya suruali, inayoanza Jumatatu.