Gundi Hii Imebeba Ndoo ya Lita 20 Ukutani! | Karavani, Sehemu ya 6

Mwangaluka wadau! Niko ndani ya karavani, kijumba changu cha kuvutwa na gari, hapa Igombe, na huo mlio ni upepo wa ziwa unapiga turubai, mnivumilie. Kwanza sikilizeni. Bwu, bwu. Huo ni ukuta kweli? Hiyo ngoma! Plaiwudi ya milimita 3, nyuma kuna papi, zile mbao nyembamba za inchi mbili kwa mbili, zimeachana, katikati hewa. Skrubu inazunguka tu, haina pa kung'ata.

Mmeniandikia sana: ng'oa, weka milimita 6. Jamani, shiti ya futi 4 kwa 8 ya milimita 3 ina kama kilo 5. Ya 6 ni mara mbili. Zidisha kuta zote na dari, halafu uvute kwa kigari changu hiki? Thubutu.

Dawa ni hii chupa, gundi ya poliurethani. Maelezo yameandikwa hapo ubavuni, someni wenyewe. Bati la nje nimeshalivua, kwa hiyo naingilia nyuma: kipande cha plaiwudi ya milimita 12, kinakaa kati ya papi na papi. Sogeza kamera. Napitisha kitambaa chenye unyevu, unyevu tu, msimwage maji, maana gundi hii unyevu ndio unaoigandisha. Namimina mstari, rangi ya asali. Nabana. Sasa subiri... subiri... ona pembeni! Linatoka povu kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni. Linajaza kila uwazi. Gundi nyeupe ya seremala haifanyi hivi, inataka mbao zikutane sawasawa, na nyingi zikilowa zinalegea.

Ila kubana ni lazima. Kipande cha kwanza nilikiegemeza tu nikaenda Mwaloni kutafuta dagaa. Narudi, povu limesukuma ukuta, umeota kitambi! Siku hizi natumia skrubu nne fupi kutokea ndani, na washa pana, vile visahani vya chuma vya kuweka chini ya kichwa cha skrubu, zinavuta ukuta na kipande pamoja. Ikikauka natoa, napiga puti.

Na glavu! Vidole vyangu hivi wiki nzima kama nimepaka piko.

Kinachoniudhi ni bei. Elfu 18 chupa, ukishafungua unyevu unaingia. Nusu chupa imegeuka jiwe, na mawe hapa Mwanza hatukupungukiwa. Nunueni chupa ndogo. Lile povu la kopo mnaloniuliza? La kuziba matundu hilo, halishiki skrubu.

Ah, kabla sijasahau: karavani ikiisha tunaivusha daraja la Kigongo–Busisi, kwa hiyo bonyeza kengele.

Haya, ndoo. Kibao cha ndoano, skrubu nne, maji lita 20, kilo 20 hizo. Ipo hapa tangu jana jioni. Napitisha rula ukutani... hakuna kitambi. Nagonga juu yake.

Tok. Mmesikia? Tok!