Uzoefu wangu na pampu ya mkono ya kutoa upepo kwenye breki ya mbele ya skuta

Niliinunua kwa sababu breki ya mbele ilikuwa na dalili zote za upepo. Ukibana, mkono wa breki unazama hadi karibu na usukani. Ukipampu harakaharaka, unapanda na kukaza kidogo, kisha baada ya muda unalegea tena. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa, kwa hiyo nguvu ya vidole vyako inaishia kwenye mapovu kabla haijazifikia pedi. Tena yale mafuta kwenye kidirisha cha masta silinda (kile kifaa cha kwenye usukani kinachosukuma mafuta ukibana breki) yalishakuwa meusi kama chai iliyochemka kupita kiasi, kwa hivyo kazi ilikuwa mbili kwa pamoja: kubadilisha mafuta na kutoa upepo.

Ndani ya boksi kuna pampu yenye geji, kichupa cha kunasia mafuta machafu, mipira (mirija) ya plastiki inayoonyesha ndani, na ncha za mpira za saizi tofauti za kuvisha kwenye nipo, ile skrubu yenye tundu ya kutolea upepo. Spana hamna. Nipo ya kalipa yangu (kile kifaa cha kwenye gurudumu kinachobana pedi) inataka spana namba 8, na nashauri utumie ya ringi, maana nipo ni laini na ina tundu katikati. Ukiifungua na spana ya mdomo iliyochakaa utaila kona zote.

Nianze na inachofanya vizuri. Kufyonza mafuta ya zamani kwenye kikopo cha masta silinda ni kazi ya dakika chache, hakuna tone linalodondoka. Kuvuta mafuta mapya kutoka juu hadi kwenye kalipa nako haina shida: unapampu hadi geji ipande, unalegeza nipo robo mzunguko, unaona mafuta meusi yakipita kwenye mpira, halafu yanaanza kung'aa. Kazi hiyo unaifanya peke yako, humhitaji mtu wa kukubania breki huku wewe umechuchumaa chini. Kama umebadilisha mpira wa breki au kalipa na mfumo mzima ni mkavu, hapo ndipo pampu inapolipa hela yako.

Lakini angalia kikopo. Masta silinda ya skuta ni ndogo, na hii pampu ina njaa. Ukizubaa kidogo inafyonza kikopo chote na kuanza kuvuta hewa kutoka juu, na hapo umerudi mwanzo. Mimi navuta kidogo, nafunga nipo, naongeza mafuta, ndipo naendelea.

Sasa lawama, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Mapovu kwenye ule mpira hayaishi. Unavuta, yanakuja; unavuta tena, yanakuja yaleyale, madogo, yamejipanga mstari. Mtu anaweza kumaliza chupa nzima ya mafuta akidhani mfumo bado una upepo. Ukweli ni kwamba mengi ya mapovu hayo hayatoki ndani ya breki kabisa. Nipo ikishalegezwa, pampu inavuta hewa ya nje kupitia kwenye meno yake na kuichanganya na mafuta yanayotoka. Ukipaka grisi kidogo kuzunguka shina la nipo yanapungua sana, ila kuisha kabisa sijaona. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na pampu haisemi neno juu ya hili. Kwa hiyo usihukumu kwa mapovu, hukumu kwa mkono wa breki.

Na kwa kipimo hicho, pampu peke yake haikunimalizia kazi. Mkono ulikaza, lakini bado ulikuwa na ule ulaini wa mwishomwisho. Nikamalizia kwa njia ya kawaida: bana breki, shikilia, legeza nipo, funga nipo, ndipo uachie mkono. Mpangilio huo haugeuzwi. Ukiachia mkono nipo ikiwa wazi, kalipa inarudisha hewa ndani.

Upepo uliobaki ulikuwa juu, sio chini. Hewa inapanda, na sehemu ya juu kabisa ni pale mpira wa breki unapofungwa kwenye masta silinda. Kuvuta povu la pale lishuke hadi kwenye kalipa ni kushindana na maumbile. Geuza usukani mpaka kikopo kikae sawa, weka kifuniko juu bila kukifunga, halafu bana mkono wa breki kidogo sana, kiasi cha kuutikisa tu, na kuachia polepole. Ukichungulia utaona kwenye sakafu ya kikopo kitundu kidogo kama cha sindano, na hapo vinatoka vipovu vidogovidogo, kimoja kimoja. Gongagonga mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi huku ukiendelea. Baadaye nilifunga kikopo, nikaubana mkono wa breki kwa kamba ya mpira na kuuacha hivyo usiku kucha. Asubuhi ulikuwa mgumu.

Kuna mbadala wa bei ndogo zaidi ambao kwa upepo mkaidi naupenda kuliko pampu: bomba kubwa la sindano. Unalijaza mafuta mapya, unatoa hewa yote, unaliunganisha kwenye nipo na kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, mapovu yanapanda yanakotaka kwenda yenyewe. Ila toa uchafu kwanza, usije ukausukumia kwenye masta silinda, na punguza mafuta ya kikopo yasifurike.

Yakifurika yanakula rangi na plastiki, na skuta ni plastiki tupu kuanzia usukani hadi mkiani. Funika kwa vitambaa, weka maji karibu, tone likianguka suuza papo hapo. Skrubu za kifuniko nazo zina vichwa laini: tafuta bisibisi inayokaa sawasawa, kandamiza chini kwa nguvu kabla ya kuzungusha.

Mafuta, fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko. Yangu ni DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki), ambayo ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi siku nyingi siitumii. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na DOT nyingine. Na kama skuta yako ina ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge ukibana breki), au mkono mmoja unaendesha breki zote mbili, soma kwanza kitabu chake, utaratibu unaweza kuwa tofauti.

Kabla ya kuwasha injini niliisukuma skuta kwa miguu na kubana breki mara kadhaa, nikapapasa nipo kuona kama ni kavu.

Pampu naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeiongeza kama kifuniko cha kile kichupa kingekuwa kinakaza vizuri. Cha kwangu ukikiinamisha kidogo kinavujisha mafuta machafu pembeni.